Mwali Aliouona Festo

Festo alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nagombana na dereva wa lori aliyetaka kuondoka na taulo la gesti yangu. Nina gesti Makambako, karibu na maegesho ya malori, na mwenye gesti asiyejua kugombana atalala njaa. Nikalichomoa taulo kwenye begi la yule bwana kwanza, ndipo nikaweka simu sikioni. "Eda," Festo alisema, "mwalimu anatuita. Yuko hoi, kule Njombe." Nikauliza mwalimu yupi, ingawa nilishajua. "Wa kemia," alisema. Nikamwambia amjibu afe tu, sisi tutakwenda kula ubwabwa wa msiba. Festo akacheka. Ni mtu wa kucheka, anauza mbao ng'ambo ya reli, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Wateja hudhani ni msumeno, maana mkono wa muuza mbao usio na kovu hauaminiki. Si msumeno. Ni chuma cha maabara, na aliyekishika ni huyo huyo aliyekuwa anatuita. Hapa nitamwita Mwalimu Nyagawa. Jina lake halisi nimewaachia watoto wake walichonge msalabani.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa kidato cha nne. Shule yetu ilikuwa juu ya kilima nje ya mji wa Njombe, katikati ya miti ya miwati, mahali ambapo mwezi wa saba maji ya ndoo yaliamka yakiwa na ngozi ya barafu. Watu wakinisikia nasema hivyo hudhani nakumbuka baridi. Mimi nakumbuka fimbo. Zilikuwa za mwanzi, zikilowekwa kwenye pipa nyuma ya ofisi ya walimu ili zisipasuke upesi, na kila asubuhi baada ya mchakamchaka tulisikia mtu akizichagua, akizitikisa maji. Tulipigwa kwa kuchelewa, kwa kucheka, kwa kuongea Kibena bwenini, kwa kifungo cha sweta kilichokatika. Tukapigana sisi kwa sisi, kwa sababu mtoto anayepigwa asubuhi lazima jioni atafute wa kumpiga. Nimewahi kuona wavulana wawili wakigombea ukoko wa makande mpaka mmoja akamtoa mwenzake jino, na mpishi akawatenganisha kwa upawa wa moto. Siku hizi nikikutana na tuliosoma nao, wanasema shule ile ilitunyoosha. Huwa nawaangalia tu. Hakuna hata mmoja ninayemwona amenyooka.

Maabara ndiyo ilikuwa chumba kizuri kuliko vyote. Ilikuwa na madirisha makubwa, meza ndefu za mninga na harufu ya spiriti, na kwa sababu ya taa za spiriti ilikuwa na joto kidogo. Kila Alhamisi tulipewa chumvi isiyo na jina kwenye kipande cha karatasi, unga mweupe usiotofautiana kwa macho na ule wa jikoni, na kazi yetu ilikuwa kuutaja. Unautazama, unaunusa, unaupasha moto kwenye testi tyubu usikie kama unadata au unatoa mvuke, unatia asidi uone kama unatoa povu. Katikati ya hayo kulikuwa na jaribio la mwali. Unachovya ncha ya waya kwenye asidi, unagusa ile chumvi, unauingiza waya kwenye moto, na moto unabadilika rangi. Sodiamu inatoa njano kali, kalsiamu nyekundu ya tofali, bariamu kijani cha tunda bichi, potasiamu zambarau ya kukimbia. Nilipouona mwali wa kwanza ukigeuka, mimi mtoto wa kugombana, nilinyamaza kabisa. Niliona kitu kikikiri jina lake bila kupigwa.

Mwalimu Nyagawa hakuutazama mwali. Hilo nalikumbuka vizuri, ila wakati ule tuliliona ni umahiri. Alisimama katikati ya maabara akiupa moto mgongo, fimbo kwapani, miwani puani, akamnyooshea mtu kidole. "Rangi gani?" Ukijibu, alisema, "Rudia. Kwa sauti." Ukirudia alisubiri kidogo, akisikiliza kama darasa litanung'unika. Kama hakuna aliyenung'unika, ulikuwa umepona. Wakinung'unika, ulipigwa hapo hapo, mgongoni au kwenye viganja, na hakuwa na idadi. Walimu wengine walihesabu. Yeye alipiga mpaka mkono wake uchoke, na katika miaka yote ile sikumsikia hata siku moja akisema inatosha.

Festo alikuwa rafiki yangu kwa sababu tulikaa meza moja na wote tulikuwa na midomo. Alitoka Mlangali, Ludewa, mtoto wa mkulima wa maharage, na alitaka kuwa daktari wa mifugo. Alikuwa na sikio na pua za ajabu. Kabla mimi sijamaliza kusoma maelekezo, yeye alishasikia chumvi ya risasi ikidata kwenye moto, akasema, "Hii ni risasi, Eda, usihangaike." Amonia aliinusa kabla testi tyubu haijapata joto. Ila ikifika kwenye mwali, alipotea. Nyekundu ya tofali aliiita njano chafu. Kijani cha bariamu alikiita njano chafu vilevile. Nilidhani anatania, halafu nikadhani ana kichwa kigumu, halafu nikachoka kudhani nikaanza kumsaidia. Tulikubaliana nimpige teke chini ya meza. Teke moja nyekundu, mawili kijani, nikimkanyaga zambarau, nikikaa kimya njano. Miguu yake ilikuwa na alama zangu mwaka mzima. Lakini mateke hayakutosha kila mara, kwa sababu Nyagawa alipenda kumwita mbele, mbali na meza yetu, na huko Festo alijibu alichokiona. Aliadhibiwa kuliko sisi wote kwa pamoja. Kuna Alhamisi shati lake lilinata mgongoni, ikabidi tulilowanishe kwa maji ndipo tulivue. "Kwa nini usikisie nyekundu tu?" nilimfokea. Akasema, "Nimekisia wiki iliyopita. Ikawa kijani."

Wasichana tulikuwa na zamu ya kupeleka maji kwenye nyumba za walimu. Jioni moja nilikuwa namimina maji kwenye pipa la jikoni kwa Mwalimu Nyagawa. Mkewe alikuwa anamenya viazi, mama mpole, mwenyeji wa Njombe pale pale, ambaye kila ukiingia alikusalimu "kamwene" na kukupa kiazi kimoja cha moto ukiweke mfukoni kikupashe mkono. Mwalimu alikuwa sebuleni, mlango uko wazi. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Umempiga tena yule mtoto wa Mlangali? Nimemwona anatembea kama mzee. Ni mtoto wa watu, baba." Mwalimu akajibu kwa ukali, "Ananiigiza yule." Mama akacheka kidogo akiuliza anamwigiza nini, mwendo au kikohozi. Mwalimu alitoka sebuleni akaniona na ndoo, na jinsi alivyoniangalia nilikiangusha kile kiazi. Bwenini nikamwambia Festo aache kumwigiza mwalimu. Akaapa kwa Mungu hajawahi kumwigiza mtu yeyote.

Muhula wa pili, kabla ya mtihani wa utamirifu, ule wa majaribio, afisa mmoja wa elimu alikuja kutukagua. Tulifua mapazia, tukapaka chokaa mawe ya njia, fimbo zikatolewa kwenye pipa zikafichwa stoo. Mwalimu Nyagawa alipanga chumvi mwenyewe: meza za kushoto sodiamu, meza za kulia kalsiamu. Mimi na Festo tulikuwa kushoto. Utambi wa taa ya Festo ukakataa kuwaka. Afisa, bwana mnene mwenye uso wa utani, akamwona anahangaika, akamwambia, "Kijana, hamia kule kuna nafasi," akimwonyesha meza ya kulia. Wakati huo Nyagawa alikuwa stoo akichukua asidi. Aliporudi, afisa alishasimama nyuma ya Festo, na waya wa Festo ulikuwa ndani ya moto. Mwali ukapanda, mwekundu, mzuri kabisa. Mimi nilikuwa ng'ambo ya chumba na miguu yangu haikuwa na wa kumpiga.

"Unaona nini?" afisa aliuliza.

"Njano, mheshimiwa," alisema Festo. "Njano chafu."

Watu wakaanza kukohoa. Afisa akageuka. "Mwalimu, njoo. Huyu anasema njano. Wewe unasemaje?"

Mwalimu Nyagawa akaja. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiutazama mwali. Akamtazama Festo, ambaye mahali pake pa siku zote ni kushoto, kwenye sodiamu, na labda akadhani amehama na chumvi yake. Akasema kwa sauti yake ya darasani, "Yuko sahihi. Ni njano. Hiyo ni sodiamu."

Afisa alisubiri, akidhani anataniwa. Kisha akasema, "Mwalimu, hii ni njano? Hii si nyekundu kama tofali la kuchoma?" Na darasa likacheka. Hatukucheka kwa ubaya, ila ni kicheko cha watoto waliokuwa wamepigwa humo ndani tangu kidato cha kwanza, hakikuweza kukatika. Hata afisa alicheka, akampiga mwalimu begani, akasema macho ya sisi wazee yanatusaliti. Tulichoamini siku ile ni kwamba Nyagawa alitaka kumkingia kifua mwanafunzi wake mbele ya mgeni, na kwa wema huo akaaibika. Mimi mwenyewe nilimhurumia. Nilimhurumia mpaka mchana.

Afisa alikula kuku kwa mkuu wa shule akaondoka. Saa ya maktaba tuliitwa wote maabara. Nyagawa hakuwa na fimbo ya mwanzi. Alikuwa amekifungua kwenye kitako chake kile chuma kirefu cha kushikilia testi tyubu, akakishika mkononi. Akamwita Festo mbele. "Nani alikutuma?" aliuliza. Festo akasema hakuna. "Nani alikwambia ukae pale?" Festo akasema ni mheshimiwa. "Na nani alikwambia useme njano?"

"Macho yangu, Mwalimu."

"Weka mkono mezani."

Aliuweka. Mpaka leo sielewi kwa nini aliuweka, ila sote tungeuweka, tulikuwa tumefundishwa hivyo. Nyagawa akamuuliza, "Rangi gani?" Wakati huo kila mtu shule nzima alijua ni nyekundu. Festo alimsikia afisa kwa masikio yake. Angesema nyekundu angeondoka na vidole vyake. Akasema, "Niliona njano." Chuma kikashuka. "Rudia. Kwa sauti." Akasema njano, safari hii kwa kilio, na chuma kikashuka tena, na mimi nikasikia sauti niliyoizoea jikoni mtu akivunja mifupa ya mbuzi. Damu ikafuata mfereji wa meza, ule wa kumwagia asidi, ikaenda kwenye sinki. Festo akajikojolea. Nyagawa alikuwa analia machozi, na mimi nikaona machozi yale ni ukatili zaidi, kwamba mtu anaweza kulia na asiache. Nikachukua stuli ya mbao nikamrushia. Ilimpata begani. Akageuka, akanipiga kofi la sikio nikaanguka chini ya meza, na sikio hilo hunipigia filimbi kila mvua ikikaribia. Nilipoinuka, Festo alikuwa amezimia sakafuni na mwalimu ameketi kwenye stuli yangu, chuma magotini.

Baba yake alikuja na lori la maharage. Ofisini aliambiwa mtoto aliteleza kwenye ngazi, na kwamba pamoja na kuteleza ni mjeuri, amemdhalilisha mwalimu wake mbele ya serikali, anasema nyekundu ni njano. Mzee akatoka na Festo nje, mkono umefungwa bandeji kubwa. Sisi tulikuwa tunafagia uwanja. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayetaka kujua ukweli kwa njia anayoijua. Akamwonyesha barabara. "Udongo huu rangi gani?" Festo akasema mwekundu, baba. "Na majani yale?" Ya kijani. "Sweta la huyu binti?" Sweta lilikuwa langu, la shule, jekundu kama yote, na Festo akasema jekundu. "Kumbe unaona!" mzee alisema. Akavua mkanda. Alimpiga pale pale kwenye udongo ule, mbele yetu, huku Festo akiinua mkono wa bandeji juu ya kichwa, na kila akipiga aliita, "Mwongo! Mwongo!" Walimu walisimama kwenye kibaraza. Wakampandisha kwenye lori na godoro lake. Hakufanya mtihani wa taifa, wala ule wa utamirifu.

Nimeishi na swali hilo miaka mingi kuliko ninavyopenda kusema. Kama anajua udongo ni mwekundu, kwa nini alisema uongo? Tulipokutana tena Makambako, wote watu wazima, nilimuuliza Festo, akasema udongo ni mwekundu kwa sababu tangu anatambaa ameambiwa ni mwekundu, majani kadhalika, sweta vilevile, lakini moto ule hakuna aliyewahi kumwambia. Nikaliona ni jibu la mtu aliyeumizwa akachanganyikiwa. Mkewe humchagulia nyanya sokoni, na tunamcheka. Mbao huzijua kwa uzito na harufu. Baba yake alifariki bado anamwita mwongo, kwa utani wa kizee, mbele ya wajukuu, "muulizeni baba yenu rangi ya moto." Festo alicheka naye. Nimesema ni mtu wa kucheka.

Basi tukaenda Njombe, mimi kwa hasira, yeye kwa adabu, maana kwetu mgonjwa akikuita unakwenda. Nyumba ilikuwa na joto, jiko la mkaa katikati ya chumba, harufu ya dawa ya kuchua. Mama alitukumbatia, amekuwa mdogo sana, akasema kamwene, akaenda jikoni kutuchemshia viazi. Mwalimu alikuwa kitandani na kofia ya sufu, macho meupe kidogo, amebaki ngozi. Hakutusalimu.

"Festo," alisema. "Ule mwali. Siku ile uliona rangi gani?"

Nilishika mkoba wangu niondoke. Festo akasema, "Mwalimu, umenitoa Makambako kuja kuniuliza swali lilelile?"

"Jibu."

"Njano chafu."

Mzee akafumba macho. "Na mimi," alisema.

Hatukuelewa. Ikabidi atueleze, polepole, akipumzika katikati. Walimpeleka hospitali kwa ajili ya mtoto wa jicho, na kijana mmoja daktari wa macho akamfunulia kitabu cha madoadoa, akamuuliza anaona namba gani kwenye madoa. Hakuona namba. Akafunuliwa ukurasa mwingine, hakuona. Kijana akamwambia, babu, hili si la uzee, umezaliwa nalo, wako wengi, hasa wanaume, hawatenganishi nyekundu na kijani kama wengine. Maisha yake yote alidhani yuko peke yake duniani. Chuoni alinakili rangi kwa jirani. Kazini alipanga chumvi mwenyewe ili ajue majibu, akaupa moto mgongo, akawa anasikiliza darasa. "Halafu ukaja wewe," alimwambia Festo. "Kila Alhamisi unasema ninachokiona mimi. Maneno yaleyale. Nikajua umenigundua. Nikajua unaniigiza ili nifukuzwe kazi. Na siku ya afisa nikasema umenitega."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, Mwalimu."

"Najua."

Festo aliinuka. Uso wake sijawahi kuuona hivyo, hata siku ya chuma. Akanyanyua ule mkono wa kulia, na mimi sikumzuia, nataka ijulikane kwamba sikumzuia, nilitaka ampige. Akampiga kofi moja. Halikuwa kofi zuri kwa sababu vidole havikunjiki, lakini lilisikika, na kofia ya sufu ikaanguka sakafuni. Mzee hakujikinga. Mama akaingia na sinia la viazi, akasimama mlangoni. Festo akaiokota kofia, akaipangusa, akamvisha mwalimu, akaivuta mpaka ikafunika masikio.

"Baba yangu amekufa ananiita mwongo," alisema. "Sasa sema, mama asikie."

Mzee akamtazama mkewe. Kumbe hata yeye alikuwa hajui, miaka yote ile. "Huyu mtoto hakusema uongo," alisema.

"Rudia."

"Festo hakusema uongo."

"Kwa sauti."

Mwalimu Nyagawa akashika ukingo wa kitanda, akajiinua, akapiga kelele, "Festo hakusema uongo!" Kikohozi kikambana, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na kati ya kikohozi na kikohozi akawa bado anajaribu kulisema tena, kwa sauti, mdomo wazi, anamtazama Festo kama tulivyokuwa tunamtazama yeye. Mama alikuwa ameweka sinia chini, analia. Mimi nilikuwa nalia pia, na nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba sitalia.

"Inatosha, Mwalimu," Festo alisema. Akamlaza.